Kahawa ya Tatu Haifiki Malmö

Rasema Bešlagić (Bi.)
Opereta wa simu, mstaafu
Nyumba ya pili baada ya daraja
Gornja Lipnica, Bosnia
12 Oktoba 2009

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Simu na Intaneti,
Makao Makuu, ghorofa yoyote ile aliyopo

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUTOZWA ADA KWA SIMU AMBAYO NI BURE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya dari lako, na kwamba mvua ya wiki hii haijavuja ofisini mwenu kama ilivyovuja kwenye banda langu la kuni. Mimi sijambo, ukiacha magoti. Nakuandikia kwa kalamu na karatasi, si kwa kudharau vyombo vyenu vya kisasa, ila kwa sababu kompyuta yangu haina nafasi. Inatumika. Imekuwa ikitumika tangu Jumanne saa nne asubuhi, na leo ni Jumatatu. Ndani yake yumo jirani yangu Devleta, amesinzia kitini huko Malmö, nchini Uswidi, mdomo wazi, nami nimeona niitumie nafasi hii kabla hajaamka.

Kwanza ujue unaandikiwa na nani, usije ukadhani ni kizee asiyeweza kutofautisha waya wa simu na kamba ya kuanikia nguo. Nimekaa miaka thelathini na mmoja kwenye mitambo ya simu ya posta. Ile sauti iliyokuwa ikiingia katikati ya mazungumzo na kusema "Dakika tatu zimekwisha, mnaendelea?" ilikuwa sauti yangu. Nimewakata makanali. Nimewakata madaktari. Nilimkata kijana mmoja wa Zenica aliyekuwa akimposa msichana kwa simu, nikamkata pale pale kwenye "je, uta...", ikambidi apange foleni upya. Walioana, nashukuru, ingawa mpaka leo yule mama akiniona sokoni huvuka barabara. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba mwanamke aliyekuwa akikata simu mia mbili kwa siku sasa ameshindwa kukata moja, na kosa ni lenu.

Mambo yalianza hivi. Devleta alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara kwa miaka arobaini na miwili. Asubuhi tulikunywa kahawa kwake, alasiri kwangu, na tulipogombana tulikunywa vile vile, ila bila kutazamana. Mwaka juzi aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Mwanawe Mirsad akaja na gari, akamchukua kwenda Malmö "mpaka apone". Amepona. Anatembea kuliko mimi. Na bado yuko huko huko, ghorofa ya nne, kwenye nyumba isiyo na ua wala kibaraza, na mimi nikabaki natazama madirisha yake yaliyofungwa.

Mwezi wa pili mwaka huu mkamtuma fundi wenu Senad aje kuniunganishia simu ya kwenye kompyuta. Senad ni mwanamume wa makamo, mwenye masharubu na adabu. Alivua viatu mlangoni, akaweka kisanduku cha taa zinazopepesa juu ya kabati la vyombo, akachomeka nyaya, akabandika kamera juu ya skrini, akanivisha visikilizio vya masikioni nikajiona niko kazini tena. Kisha akaingiza ile programu ya kupiga simu bure. Programu ikataka jina. Nikaipa: Rasema. Ikajibu kwamba jina hilo limeshachukuliwa. Nikamwuliza Senad limechukuliwa na nani, maana Lipnica nzima Rasema ni mimi, na yule mwingine tulimzika mwaka wa themanini na sita.

"Bibi, duniani wako wengi," akasema.

Nikamwambia basi waje hapa na vitambulisho vyao. Mwishowe tukaandika Rasema-Opereta-31, na neno la siri likawa jina la farasi wa marehemu mume wangu, ambalo naomba usimwambie mtu.

Kisha Senad akapiga simu ya majaribio. Akapokea mwanamke mwenye sauti safi, sauti ya kazi, nikamtambua mara moja kuwa ni opereta mwenzangu. Akaniambia nizungumze baada ya mlio. Nikamsalimu, nikamwuliza yeye ni binti wa nani na huko kwao wanalipwa pensheni vizuri. Halafu nikasikia mwanamke mwingine, huyu mwenye sauti ya amri, akiniuliza mimi ni binti wa nani na kwetu pensheni ikoje. Sikupenda lugha yake, lakini nilimjibu kwa kirefu. Senad alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la kuni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mwenye sauti ya amri ni mimi mwenyewe, na sasa naelewa kwa nini makanali walikuwa wakinitii.

Nikamtilia Senad kahawa. Finjani ya kwanza, ya kumkaribisha, akanywa. Ya pili, ya mazungumzo, akanywa, akanieleza habari za mama yake. Ya tatu nilipoinua tu mdila kuimimina, alitazama saa, akaigugumia kwa pumzi moja, akasimama akaaga. Mtu mwenye malezi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Sisi humtilia mtu finjani ya tatu. Kahawa hiyo ina jina lake, sikteruša, na maana ya jina hilo haifai kuandikwa kwenye barua ya heshima. Lakini sijapata kuona mtu wa kwetu aliyeinywa akabaki ameketi.

Akiwa mlangoni anafunga viatu, Senad alisema maneno ambayo ndiyo chanzo cha yote: "Zungumzeni mtakavyo, bibi. Ni bure, haina mwisho."

Nilidhani ananitakia heri. Sasa malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kahawa ya tatu haifiki Malmö. Siku ya kwanza mimi na Devleta tulilia, tukacheka, tukalia tena, hayo hayakuhusu. Ikafika zamu ya finjani ya tatu. Nikamimina, nikaisogeza mbele ya kamera aione vizuri, nikangoja ainuke. Hakuinuka. Naye akamimina yake ya tatu, akaisogeza mbele ya kamera yake, akangoja niinuke mimi. Tukakaa hivyo finjani kwa finjani mpaka kahawa ikaota utando.

"Devleta," nikamwambia, "kahawa ya tatu hiyo."

"Naiona. Na yako hii hapa, inapoa."

Enzi zangu jambo hili lisingetokea. Ningeingia katikati, nikawakata wote wawili, na kila mmoja angebaki na heshima yake na mtu wa kumlaumu. Watu husema rahisi ghali. Sasa bure je?

2. Haijulikani nani yuko kwa nani. Kwa mila yetu mwenyeji hamfukuzi mgeni. Mgeni ndiye anayeaga. Kwa hiyo atakayefunga kompyuta kwanza ndiye mgeni. Nilimweleza Devleta kwa upole kwamba yeye ndiye yuko kwangu: yuko juu ya meza yangu, kati ya bakuli la sukari na redio, kila mtu anamwona.

"Bibi wee, usinichekeshe," akanijibu. "Wewe ndiye uko kwangu. Mirsad amekuunganisha kwenye televisheni, uko ukutani mkubwa kama kabati. Hata hilo pengo la jino naliona."

Utasema haya ni mabishano ya vizee wasio na kazi. Sivyo, Ndugu Mkurugenzi. Nikiaga mimi, nimekubali kuwa ni mgeni Malmö. Nikiwa mgeni Malmö, basi Malmö kuna mwenyeji, na mwenyeji ni Devleta, na kwake ni huko. Na kama kwake ni huko, ile nyumba ya ng'ambo ya barabara ni ya nani? Mirsad anataka kuiuza. Amesema kabla ya theluji. Basi mimi siagi. Nimeapa siagi hata nikiota mizizi kwenye kiti hiki. Na Devleta naye ameapa haagi, kwa sababu anasema amechoka kuwa mgeni: ni mgeni kwa mwanawe, ni mgeni kwa mkwewe, hata kwenye lifti ni mgeni, na duniani humu anataka awe mwenyeji wa angalau mtu mmoja. Nilipomsikia akisema hivyo nilitaka kulia, lakini nilijikaza, kwa sababu ukilia kwenye mabishano umeshindwa.

Mpaka wiki iliyopita tuliokolewa na umeme. Umeme wa Lipnica ulikuwa ukikatika kila siku usiku, simu inakufa, hakuna aliyeaga, kila mtu yuko kwake. Jumanne hiyo wakabadilisha transfoma. Umeme haujakatika tena. Sijui nimlalamikie nani kwa hilo, kwa hiyo nakulalamikia wewe.

3. Hata angekubali kuaga, siwezi kumsindikiza. Mgeni wangu husindikizwa mpaka langoni, na hapo langoni ndipo mazungumzo yenyewe hasa hufanyika. Mwezi wa tano nilijaribu. Nilibeba skrini kifuani na waya zake zote, Devleta akipiga kelele humo ndani, "Polepole, unanitia kizunguzungu!" Nikafika mlango wa jikoni, waya ukakaza, kisanduku chenu cha taa kikaruka kutoka kabatini na kuangukia bakuli la maziwa ya mgando. Kutoka mezani hadi langoni ni mita arobaini na sita. Nimepima kwa kamba ya kuanikia nguo. Waya wenu una mita mbili. Ni kampuni ya namna gani inayomruhusu mgeni aondoke akiwa peke yake kutoka mezani, kama aliyeiba kijiko?

4. Ramadhani. Jua la Lipnica huzama mapema kuliko la Malmö. Basi mzinga umelia mjini, supu iko mbele yangu, mvuke unanipiga puani, na mgeni wangu yuko mezani bado amefunga. Mwenyeji atamezaje? Nikangoja. Mwezi mzima nimefuturu kwa saa za Uswidi nikiwa Bosnia, siku za mwanzo dakika arobaini na zaidi nikitazama supu inapoa. Alfajiri nayo ikawa yale yale: kwao huingia mapema, mgeni ameshaacha kula, mimi nitatafunaje mbele yake? Nilimwuliza imamu kama funga ya namna hii ina thawabu za nchi mbili. Amesema ataangalia vitabuni. Ni wiki ya tatu sasa anaangalia, na nikimpitia hugeukia ukuta.

5. Ananisimamia. Siwezi kukunja andazi, siwezi kukaanga vitunguu. Mwezi uliopita nilipika jamu ya plamu uani kwenye sufuria kubwa, plamu zenyewe ni za miti yake, nilizichuma mimi na magoti yangu haya, nikiwa nimefungua dirisha na kuelekeza kamera uani ili aone. Nikasikia spika inafoka: "We Rasema! Koroga upande wa kushoto, inaungua!" Yuko mbali zaidi ya kilomita elfu moja, Ndugu Mkurugenzi, nyuma ya kioo, hana hata pua humo ndani. Na kweli ilikuwa inaungua upande wa kushoto.

6. Simu yenu imeharibu biashara ya nyumba, na nimeshiriki, naungama. Mwezi wa nane alikuja mnunuzi, mtu wa mjini mwenye miwani ya jua, kuikagua nyumba ya Devleta. Mimi nilikuwa nimegeuza kamera itazame dirishani, kwa sababu kila siku Devleta huomba aione nyumba yake walau robo saa. Hutazama tu, na mimi hufuma soksi. Basi akamwona yule bwana anapiga ukuta wake teke kuona kama ni imara. Akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo kwa miaka arobaini na miwili nimejifunza kuiogopa, "Rasema, fungua dirisha. Ongeza sauti."

Nikafungua. Nikaongeza mpaka mwisho.

"Wewe mwenye miwani! Ukuta huo mume wangu aliujenga kwa mikono yake! Toa mguu! Na hapo uliposimama kuna kitunguu!"

Mtu yule alitazama juu, akatazama chini, akatazama nyumba tupu iliyofungwa madirisha, na sauti inamtukana kutoka hewani. Aliacha gari likiwa limewaka akakimbia kwa miguu hadi darajani, ndipo akakumbuka akarudi kulichukua, tena bila kugeuza shingo. Tangu siku hiyo mjini inasemekana nyumba ina mwenyewe. Mimi sijakanusha. Lakini Mirsad amenipigia, na kwa simu ya kawaida, ya kulipia, ndipo nikajua amekasirika kweli. "Shangazi," akaniambia, "mama hawezi kurudi huko peke yake. Nani atamtazama?" Nikamwambia yuko juu ya meza yangu saa ishirini na nne, kuna mtu anayetazamwa kuliko huyo?

7. Kwa kuwa Devleta sasa yuko nyumbani kwangu usiku na mchana (usiku namfunika kwa kitambaa cha meza, kama watu wafunikavyo kasuku), nilikwenda manispaa kumwandikisha kama mkazi wa nyumba yangu, ili tuwe ndani ya sheria. Karani akaniuliza yuko wapi. Nikasema mezani. Akauliza kama ni marehemu. Nikasema Mungu apishe mbali, amekula mayai mawili asubuhi hii. Akauliza alikula wapi. Hapo nikaona mtego. Akafunga dirisha lake saa tano kasorobo, na kwenye kioo imeandikwa hufungwa saa sita.

Kwa sababu hizo zote, na huku nikitambua kwamba una mengi ya kufanya, naomba kwa unyenyekevu mkubwa:

Kwanza, mtutoze. Mtutoze sana. Sote wawili tuna pensheni, zikiisha tutaachana kwa heshima.

Pili, kama kututoza kunawashinda, mweke sauti iingie kila baada ya dakika tatu na kuuliza kama tunaendelea. Sauti ninayo. Bado haijakwaruza. Naweza kuja makao makuu siku yoyote isipokuwa Alhamisi, siku ya soko, na nitakata watu wa nchi nzima bila ubaguzi wala upendeleo, nikianza na mimi mwenyewe.

Tatu, mtume mpima ardhi aliyeapishwa aje na vyombo vyake aamue, kwa maandishi na mhuri, simu yetu iko katika nyumba ipi.

Nne, waya wa mita arobaini na sita.

Tano, na hili ndilo kubwa: kama mmeweza kupitisha sauti ndani ya waya, na mkaweza kupitisha uso wa mtu mzima na pengo lake la jino, finjani moja ndogo ya kahawa itawashinda nini? Ipitisheni ya tatu tu. Zile mbili za kwanza kila mtu ataendelea kujipikia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu ana siku ya saba, na jembe halipiti kwenye kamera.

Nikitarajia jibu la haraka, nakuachia salamu zangu, uzifikishe kwa wafanyakazi wote wa kampuni, kwa waliokaa na waliosimama, kwa akina mama wa usafi ambao hakuna anayewasalimu kwenye barua, kwa yule opereta wa simu za majaribio (mwambie sikuwa na nia mbaya kuhusu pensheni), na kwa Fundi Senad na mama yake, natumaini ule mguu umepona. Nimlaumu vipi mtu aliyekunywa kahawa zake tatu akaenda?

Wako katika ujenzi wa mawasiliano,

Rasema Bešlagić
Opereta wa simu, miaka 31, bila lalamiko hata moja lililothibitishwa

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Mkurugenzi, nilikuwa natafuta bahasha Devleta akaamka.

"Unaandika nini?" akaniuliza.

Nikasema barua ya bili ya maji.

"Barua ya maji haina kurasa sita. Soma."

Nikamsomea. Nikamsomea yote, na jembe pia. Kwa yule kijana wa Zenica alicheka, na kwenye supu ya Ramadhani alicheka mpaka akashika nyonga, akasema yeye alikuwa akishangaa kwa nini nangoja, alidhani imamu wetu amenunua saa mbovu. Lakini nilipofika namba mbili, pale pa kuwa mgeni kwenye lifti, hakucheka. Halafu akaniomba nigeuze kamera dirishani. Nikageuza. Akaitazama nyumba yake, mvua ikiinyeshea. Nilipomgeuza tena alikuwa ameshika ile finjani ya tatu, ile aliyoimimina Jumanne simu hii ilipoanza, baridi kama jiwe la kisimani.

Akainywa. Yote, hadi machicha.

"Haya, Rasema," akasema. "Nimekunywa. Acha niende kwangu, mvua isije ikazidi."

Alisema vile vile, kwa maneno yale yale, kama alivyokuwa akisema kila alasiri kwa miaka arobaini na miwili kabla ya kuvuka barabara. Nikamwuliza, "Kwako wapi?" lakini skrini ilikuwa imeshazimika. Nimekata watu maisha yangu yote. Sikujua kumbe ndivyo inavyokuwa upande wa pili.

Nilikwenda dirishani. Usinicheke: nilitazama ng'ambo kuona kama atatokea langoni kwake. Nikasimama hapo nikihesabu, kwa mazoea, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeuliza kama tunaendelea. Nyumba yangu imekuwa kimya mpaka nasikia kisanduku chenu cha taa kikinguruma, na sikujua kama kinanguruma.

Yeye amekubali kuwa jirani yangu aliyepita kunywa kahawa. Ameshindwa kwa ajili yangu, na kwangu mimi si heshima kumwacha ashindwe peke yake.

Kwa hiyo nimevaa koti langu la kutokea na kitambaa cha hariri. Nimechukua robo kilo ya kahawa niliyoisaga mwenyewe na boksi la sukari ya vipande, maana haiendwi kwa mtu mikono mitupu. Nimetoka nje kwenye mvua mpaka langoni, nikarudi, kwa sababu mgeni hutoka nje, hachipuki mezani. Viatu nimevivua hapa mbele ya kompyuta. Nimebonyeza kitufe cha kijani, inaita, na akipokea nitapiga hodi, nitaingia, nitakaa pale atakaponiambia nikae, nami nitakuwa mgeni wa Devleta huko Malmö mpaka anitilie ya tatu.

Basi barua hii yote uichane. Msitutoze, msiweke sauti, mpima ardhi abaki kwake na mhuri wake, na kahawa msiipitishe popote.

Ila waya naomba mtume, tena muutume Malmö, na uongezwe urefu: Devleta yuko ghorofa ya nne, na nikiaga atataka kunisindikiza hadi langoni.